Usigawe mshahara wako kwa siku 22

Leo naomba niongee na ninyi mnaojiandaa kuacha ajira ili mjitegemee, hasa wenye kazi kama yangu ya udizaina: logo, lebo za bidhaa, mabango, posta za kurusha mtandaoni. Lakini hata wewe unayeuza magauni au vipodozi usipite, maana aliyenifumbua macho kwenye hili hakuwa dizaina. Alikuwa mama anayeuza pilipili ya kusaga.

Niliacha kazi mwezi wa nane 2022. Nilikuwa nimekaa miaka mitano kwenye kampuni moja ya matangazo hapa Dar, mshahara 900,000. Kabla ya kuandika barua nilifanya kile ambacho karibu kila mtu anakifanya: nilichukua kalamu, nikaandika hela inayoingia benki, nikagawa kwa siku za kazi. NSSF asilimia 10, yaani 90,000, imeondoka. Kodi ya mshahara 80,500, imeondoka. Inabaki 729,500. Gawa kwa siku 22, unapata kama 33,000. Nikajiambia siku yangu moja ni 35,000, nimeshajiongezea na ya chai. Logo ya siku moja ikawa 35,000. Posta ikawa 5,000, kwa sababu kwa siku naweza kupiga saba. Nikaona hesabu imekaa, nikapeleka barua.

Hesabu hiyo nusura inirudishe ofisini kwa miguu yangu mwenyewe.

Mwezi wa kumi nilifanya oda 23. Ukinitazama kwenye ukurasa wangu ungesema kijana ametoboa. Kila siku kazi mpya, kila siku pongezi. Nalala saa saba usiku, naamka saa kumi na moja. Nilipojumlisha, mwezi mzima umeingiza 610,000. Nikatoa bando, nikatoa LUKU, nikatoa nauli za kwenda Kariakoo kusimamia uchapaji, nikatoa malipo ya programu. Imebaki 390,000. Nusu ya mshahara niliouacha na kidogo juu, na nimefanya kazi mara mbili.

Halafu mtoto akaumwa. Homa ya usiku, tukakimbia hospitali, akalazwa siku tatu. Pale dirishani nikatoa kadi ya bima kwa mazoea kabisa, mkono ulitoka wenyewe. Dada wa mapokezi akaangalia kwenye kompyuta, akanirudishia bila kusema neno. Kadi ilikuwa ya kampuni, na kampuni ilishanitoa. Bili ikaja 280,000 taslimu. Wakati huohuo kuna mteja mmoja ananidai siku zote "kaka kazi imeisha?" na mimi namdai 150,000 ya mwezi uliopita. Nikakopa kwa shemeji. Ukishakopa kwa shemeji ndiyo unaelewa kwamba bei zako zina tatizo.

Sasa yule mama. Anakaa Tabata, anauza pilipili, binzari, mchanganyiko wa pilau, anatangaza WhatsApp na Instagram, na bodaboda wanapeleka. Alinipa kazi ya lebo, saizi tatu, kwa 35,000. Akabadilisha mawazo mara sita. Jina liwe kubwa. Jina liwe jekundu. Hapana, pilipili iwe nyekundu, jina liwe jeupe. Siku ya mwisho nikampelekea sampuli nyumbani, nikamkuta barazani anapima viungo na daftari lake pembeni. Nililichungulia lile daftari. Kila chupa ameipigia hesabu: pilipili kiasi gani, chupa, kifuniko, lebo, kusagisha, mfuko wa kubebea, hata zile chupa zinazopasuka njiani ameziwekea shilingi zake. Na mstari wa mwisho ameandika neno moja tu: MIMI.

Akaniuliza, "Mwanangu, kwenye hii elfu thelathini na tano, wewe unajilipa shilingi ngapi?"

Nikamwambia, "Yote ni yangu, mama. Mimi sina mtaji, natumia kichwa."

Alicheka mpaka akaweka mizani chini. "Na hiyo kompyuta unaichaji kwa maji ya mvua? Na leo umetoka Mbagala mpaka hapa, nani amekulipa hii siku?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye daladala nikiwa nimenuna, nikidhani amenidharau. Kufika Buguruni nikaanza kuelewa.

Kosa la kugawa mshahara kwa siku ni kwamba unachukua siku ya mwajiriwa, unaiuza kama siku ya mfanyabiashara. Siku ya mwajiriwa inabebwa na mtu mwingine. Ukikaa ofisini unasubiri mteja aidhinishe kazi, unalipwa. Umeme ukikatika, unalipwa. Ukienda msibani, unalipwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo, inakupa siku za ugonjwa, dada zetu wanapata siku 84 za uzazi. Na ile NSSF: wewe unakatwa asilimia 10, mwajiri anaweka 10 nyingine ambayo wewe wala huioni kwenye hela ya benki. Ile 90,000 ya pili ilikuwa yangu kila mwezi kwa miaka mitano na sikuwahi kuihesabu hata siku moja. Vivyo hivyo bima, kompyuta, kiti, intaneti, maji ya kunywa, na yule kaka wa uhasibu ambaye kazi yake ilikuwa kuwafuatilia wadaiwa ili mimi nichore tu.

Kwa hiyo nilikaa chini nikaanza upya, safari hii kwa mtindo wa daftari la mama. Nawawekea hesabu yangu kama ilivyo. Msiikopi namba, kila mtu ana maisha yake. Angalieni njia.

Nilianza na hela niliyozoea kupeleka nyumbani, 730,000. Nikaongeza akiba ya uzeeni, yote mbili, ya kwangu na ile aliyokuwa anaweka bosi: 180,000. Bima na matibabu 60,000. Bando 60,000. Umeme 35,000. Nauli 65,000. Programu na fonti za kulipia 60,000. Kompyuta nilinunua 1,800,000 na najua ikifika miaka mitatu inachoka, kwa hiyo kila mwezi inakula 50,000 hata kama leo inawaka vizuri. Hapo imefika 1,240,000. Nikaweka na 100,000 ya kodi. Jumla 1,340,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 16,080,000.

Ukiiona hiyo milioni kumi na sita unaweza kudhani nimepandwa na tamaa. Angalia tena. Hakuna gari hapo. Hakuna kiwanja. Ni maisha yaleyale ya mshahara wa laki tisa, isipokuwa sasa kila kilichokuwa kinalipwa kimyakimya nimekiandika.

Baada ya hapo nikahesabu siku, na hapa ndipo penye kaburi la wengi. Mwaka una wiki 52, siku tano za kazi, jumla 260. Toa wiki nne za likizo, hata kama utaishia kupumzika nyumbani tu: siku 20. Toa sikukuu, nimeweka 12. Toa siku za kuumwa, kuuguza na misiba, nimeweka nane, na kwa familia zetu nadhani nimejipunja. Zinabaki 220.

Lakini siku 220 siyo siku 220 za kulipwa. Kwa miezi mitatu niliandika kila siku nimefanya nini. Kujibu watu "bei gani?" wanaopotea. Kutengeneza ankara. Kudai. Kwenda kwa mchapaji na kukuta rangi imetoka ya ajabu. Kupiga picha kazi zangu na kuzirusha. Kujifunza kitu kipya. Kurekebisha kazi ambayo mteja ameshalipa na imekwisha. Ilipofika mwisho, siku ambazo nilikuwa nachora kitu ambacho mtu fulani anakilipia zilikuwa nusu tu. Nusu kamili. Kwa hiyo za kulipwa ni 110 kwa mwaka.

Chukua 16,080,000, gawa kwa 110. Unapata 146,000.

Mimi nilikuwa nauza siku kwa 35,000. Bei ya kweli ni mara nne na zaidi. Ile tofauti alikuwa anailipa nani? Mke wangu kwa kubana matumizi, shemeji kwa mkopo, na mimi kwa usingizi.

Najua utakachoniambia, kwa sababu nilijiambia mwenyewe: "Kariakoo logo wanafanya kwa elfu kumi, nani atakuja kwako?" Ni kweli wanafanya, wengine hata bure. Lakini ingia kwenye lile duka uangalie wanauza nini. Yule hauzi udizaina. Anauza uchapaji. Anakuchorea kwa dakika ishirini ili uchape stika elfu moja kwake, faida yake iko kwenye karatasi na wino. Wewe usiye na mashine ya kuchapa ukishindana naye kwa bei ya kuchora unashindana na chambo. Ni sawa na wewe dada wa nguo kushindana na duka la jumla linalouza soksi chini ya bei ya kununulia ili watu waingie wanunue suruali.

Kuna na wale wanaosema "anza na bei ya chini, ukishapata jina utapandisha." Mimi sikubaliani nao, na nasema hivi nikiwa na makovu. Mteja uliyempata kwa 5,000 amekuja kwa sababu ya 5,000. Siku ukisema 40,000 hakuoni kama dizaina aliyekua, anakuona kama mtu aliyeota mapembe. Na rafiki atakayemleta kwako atamleta kwa sifa ileile: "Nenda kwa fulani, bei yake poa." Jina unalolijenga ni jina la mtu wa bei poa. Kama huna kazi za kuonyesha, afadhali ufanye mbili tatu bure kabisa, kwa watu unaowachagua mwenyewe, na uandike kwenye ankara bei kamili halafu chini yake uandike "zawadi". Ya bure ina mwisho unaojulikana. Ya bei ya chini inakuwa mazoea.

Je, nilirukia 146,000 siku moja? Hapana, sikuwa na kifua hicho. Kila mteja mpya kuanzia Januari 2023 nilimhesabia kwa siku ya 80,000, na kufika katikati ya mwaka nikawa kwenye bei kamili. Wale wa zamani niliwapigia simu mmoja mmoja, sikutuma ujumbe wa jumla, nikawaambia baada ya miezi miwili bei itakuwa hivi. Walikuwa 14. Tisa waliondoka. Mmoja alinijibu, "Hongera kaka, umeshakuwa mzungu." Iliniuma wiki nzima. Lakini watano waliobaki mwezi ule waliniletea hela zaidi ya walizoleta wote 14, na nililala.

Tahadhari moja. Hiyo bei ya siku ni ya kwako, kaa nayo kwenye daftari. Mteja mpe bei ya kazi. Ukimwambia mtu wa huku kwetu "siku yangu ni 146,000" ataanza kukuhesabia masaa, na ukimaliza haraka kwa sababu una uzoefu atataka arudishiwe chenji. Lebo ya chupa inanichukua nusu siku, nasema 75,000. Logo pamoja na rangi zake, mihuri na kadi ni siku tatu, inafika 440,000. Posta siuzi moja moja tena. Nauza za mwezi mzima, 12 kwa pamoja, ninazipiga siku mbili mfululizo. Kwenye kila bei kuna marekebisho mawili. La tatu linalipiwa, na liko kwenye maandishi kabla hatujaanza. Tangu niliandike hilo, watu wanafikiria kabla ya kusema "jina liwe jekundu". Na sianzi kazi bila asilimia 60 mkononi.

Na wale wateja wadogo? Hapa ndipo naongea na wengi wenu. Dada anayeanza keki na mtaji wa 200,000 hawezi kunipa 440,000 ya logo, na nikimwambia atoe nitakuwa namuibia. Zamani ningemfanyia kazi ya siku tatu kwa 35,000 na kuugulia ndani. Sasa namfanyia kazi ya masaa mawili kwa 40,000: jina lake kwa herufi nzuri, rangi mbili, na kiolezo kimoja anachoweza kubadilisha bei na picha mwenyewe kwenye simu. Nimepunguza kazi, bei ya siku yangu iko palepale. Hata wewe, mteja akilia bei, usikate tu namba. Mwambie kwa hela hiyo anapata nini, umpimie robo badala ya kilo.

Ukipata kampuni, furahi lakini soma vizuri. Watakuomba TIN. Watakata kodi ya zuio asilimia 5 kabla ya kukulipa, kwa hiyo mkikubaliana 600,000 itaingia 570,000. Mara ya kwanza nilidhani mhasibu kanipiga, nikampigia simu kwa ukali, aibu niliyoipata sitaki kuikumbuka. Hiyo 30,000 haijapotea. Dai cheti chake ukitunze, unakitumia kwenye hesabu ya kodi yako ya mwaka. Kubwa zaidi ni muda. Kuna kampuni ilinilipa baada ya miezi mitatu. Kama huna akiba ya kukaa miezi mitatu, kazi ya kampuni inaweza kukuua ukiwa umeajiriwa nayo nusu nusu, bila mshahara wala bima.

Ndiyo maana nikiulizwa niache kazi lini, huwa sijibu kwa tarehe. Naomba kwanza mtu afanye ile hesabu akiwa bado ana mshahara, halafu auze kazi tano za jioni na za Jumamosi kwa bei ile ile ya kwenye daftari, siyo ya kirafiki. Wiki iliyopita kijana wa ofisini kwangu zamani alinipigia, barua ameshaichapa. Nikamuuliza siku yake ni shilingi ngapi. Akasema, "Elfu arobaini, nimegawa mshahara." Tumekubaliana barua ikae kwenye begi mpaka mwezi wa tatu. Ana mkopo wa bodi pia, na ile asilimia 15 aliyokuwa anakatwa hakuiweka popote kwenye hesabu zake. Alidhani ikitoka kwenye mshahara basi imekwisha.

Mimi mwenyewe sijafika. Kuna miezi napata siku kumi za kulipwa na kuna miezi napata sita, na mwezi wa sita nilirudi kwenye akiba. Na kuna mteja mmoja wa zamani mpaka leo analipa bei ya 2022, mjomba wangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbagala. Kila nikitaka kumwambia ananiita "baba" na kuagiza soda. Nimeandika kwenye kalenda, tarehe 30 mwezi huu, naenda na ankara mkononi. Soda nitakunywa baada ya kuongea.